Panya Hafungi

Jina lake la kwenye kitambulisho halikutumiwa na mtu yeyote. Aliitwa Mjomba, na sababu ni panya. Kila asubuhi alipoingia nyumba ya panya alisema, "Haya wapwa zangu, mmeamkaje?" na wale panya mia tatu, ambao usiku kucha walikuwa wanatafuna na kukimbizana, walijikunja wakalala kana kwamba wanamwambia azime taa. Siku moja wafagizi walimsikia wakacheka, na tangu siku hiyo akawa Mjomba wa taasisi nzima. Hata Profesa aliyeianzisha ile maabara alimwita hivyo, na alikuwa mtu asiyependa utani.

Mimi nilikuwa mtunza stoo, mlango wa tatu kutoka kwake. Kwangu alichukua chakula cha panya kwa magunia, maranda ya mbao ya kutandikia vizimba, chupa za maji, sabuni, na siku moja waya. Tulifanya kazi pamoja miaka ishirini na tisa. Yeye alikuwa ametangulia kwa miaka miwili.

Nyumba yenyewe ilikuwa chumba kirefu chenye madirisha mawili yaliyopakwa rangi nyeusi, kwa maana panya wa utafiti hapangiwi mchana na jua, anapangiwa na swichi. Rafu tano kila upande. Harufu ya mkojo wa panya hukaa katika nguo hata ukizifua mara tatu, na mkewe Mjomba alimtengea kamba yake peke yake ya kuanikia. Mezani palikuwa na mizani, kalamu iliyofungwa kwa uzi ili isitembee, na daftari. Katika daftari lile aliandika kila kitu: nani amezaa, nani amekufa, nani amepungua uzito, taa ziliwashwa saa ngapi. Alikuwa na elimu ya shule ya msingi, na mwandiko wa mtu aliyechapwa kwa ajili ya mwandiko.

Siku hizi hakuna anayechapwa, na hakuna mwandiko.

Kazi ya maabara ile ilikuwa ini. Profesa alitaka kujua ini linajuaje wakati wa kutengeneza mafuta, na alikuwa na tabia ambayo imekwisha kabisa: alimweleza mtunza panya sababu ya kila jambo. Aliketi juu ya gunia, miguu haigusi sakafu, akaeleza. Mara nyingine nilikuwapo, nimekuja kuhesabu magunia, nami nikakaa kusikiliza, na nikirudi stoo niliandika. Hivyo ndivyo nilivyosoma mimi, kwa makombo ya mazungumzo ya watu wengine.

Ukila, alisema Profesa, sukari inapanda katika damu. Kongosho, kile kinyama kilichojificha nyuma ya tumbo, kinaachia insulini. Damu inayotoka tumboni haiendi kuzunguka mwili kwanza, inapita kwenye ini, kwa hiyo ini ndilo linalopata habari kabla ya wengine. Insulini haiingii ndani ya seli. Inabisha hodi nje, penye kipokezi, na habari inapokezanwa ndani mpaka kwenye kiini cha seli, mahali zilipo jeni. Humo kuna protini moja ambayo wakati wa njaa ni chache, na hiyo chache imeshikizwa kwenye utando, haina la kufanya. Insulini ikibisha, protini ile inatengenezwa kwa wingi, inakatwa kutoka pale iliposhikizwa, inaingia kwenye kiini na kuziamsha jeni za mafuta. Sukari iliyozidi inageuzwa mafuta ya akiba. Insulini ikipungua, jeni zinasinzia tena.

"Kama nyapara," alisema Mjomba.

"Nyapara hasa. Insulini ndiyo inayompa fimbo."

"Na panya mnene je?"

Profesa alifurahi, kwa sababu hilo ndilo lililokuwa swali lake la maisha. Insulini, alisema, inaliambia ini mambo mawili kwa pamoja: acha kumwaga sukari katika damu, na anza kutengeneza mafuta. Ini la mnyama aliyenenepeshwa muda mrefu linakuwa kiziwi, lakini kiziwi wa ajabu. Amri ya kuacha kumwaga sukari halisikii. Amri ya kutengeneza mafuta linaisikia vizuri sana. Kwa hiyo sukari inazidi, na mafuta nayo yanazidi, na kongosho linazidi kupiga kelele za insulini.

Mjomba alicheka mpaka akashika ubavu. "Hilo ini nalijua, Profesa. Ni shemeji yangu. Ukimwambia acha pombe, hasikii. Ukisema karibu chakula, anasikia akiwa mtaa wa pili."

Ili kuyajua hayo ilibidi panya wengine walishwe na wengine wakae na njaa, kisha maini yalinganishwe. Siku moja mwanafunzi wa Profesa aliandika kwenye kadi ya kizimba: "Hawa wanafunga." Profesa aliichomoa ile kadi akaichana vipande vinne.

"Nani anafunga?" aliuliza. "Kufunga ni nia. Mtu anafunga kwa sababu ameamua. Huyu ameamua nini? Wewe ndiye uliyemnyima. Panya hafungi, ananyimwa. Andika unachomfanyia, ili siku moyo ukikusuta ujue unakusuta kwa nini."

Tangu siku ile zikatengenezwa kadi za aina mbili, nyekundu na nyeupe. Nyekundu: NYIMA. Nyeupe: LISHA. Profesa alizitundika kwa mkono wake, na kabla ya kupasua panya yeyote alifungua tumbo kwanza atazame kama kweli ni tupu, ndipo aguse ini. Katika nyumba ya panya, kwa miaka ishirini na sita, neno kufunga lilikuwa la milango tu.

Profesa alistaafu, akafa mwaka uliofuata. Akaja Mkurugenzi mwenye kiti kinachozunguka. Zikaja mashine za kupima jeni ambazo zinasoma kwa saa tatu kile ambacho zamani kilisomwa kwa wiki tatu, na sitazitukana mashine, hazikukosa lolote katika habari hii. Zikaja simu. Kila idara ikawa na kundi lake kwenye simu, na agizo ambalo zamani lilitembea kwa miguu, likapiga hodi na kuulizwa habari za nyumbani, sasa lililia mfukoni mwa mtu akiwa chooni.

Akaja pia Dokta. Alikuwa binti wa miaka thelathini na kitu, amesoma ng'ambo, kichwa chake kizuri sana, hilo silikatai. Alichukua swali la Profesa pale lilipoachwa: je, ini la panya mnene, likinyimwa chakula, linazizima jeni za mafuta kama ini la panya mwembamba, au limeshasahau kuzizima? Swali zuri. Lakini Dokta hakuweza kuingia nyumba ya panya. Manyoya yalimfanya apige chafya mpaka macho yavimbe. Akijaribu kusimama mlangoni alitoka analia machozi, na Mjomba alimfuata na ndoo ya maji. "Pole mwanangu. Wapwa hawa hawana adabu." Basi akawa anatuma ujumbe.

Kwa ajili ya swali lile Mjomba alinenepesha panya arobaini kwa miezi mitano. Chakula chenye mafuta na sukari, mizani kila Jumatatu. Walivimba wakawa kama mito ya kochi. Ishirini walikuwa kundi la kwanza, ishirini kundi la pili, kila mmoja kwenye kizimba chake. Wakati ule Mjomba alikuwa amebakiza mwaka mmoja na miezi minne astaafu, na jambo alilolitaka nililijua, kwa maana alilisema kila tulipokunywa chai: akabidhi funguo na daftari kwa mkono wake mwenyewe, siku yake ya mwisho, bila doa. Miaka thelathini na moja hapakuwa na kosa hata moja katika daftari lile. Watu wengine wana shamba. Yeye alikuwa na hilo.

Wiki ya mwisho ya jaribio, panya mmoja wa kundi la pili alisukuma mlango wa kizimba akatoka. Vitasa vya vizimba vile vilikuwa vimelegea. Mjomba alimkamata nyuma ya ndoo, kazi rahisi, mnene hakimbii. Kisha akamwandikia Dokta: "Milango ya kundi la pili imelegea. Mmoja ametoka, nimemrudisha." Hakujibiwa siku hiyo. Siku ya pili yake, saa nane mchana, simu ikalia:

"Kesho asubuhi tunapima. Kundi la pili wafunge kuanzia saa kumi jioni."

Mjomba alikuja stoo akaniomba waya mwembamba. Nikampa mita sita, nikaandika kwenye kitabu cha stoo. Saa kumi kamili alifunga milango ishirini, kila mmoja kwa mizunguko mitatu ya waya, akajichoma kidole cha shahada. Akaandika katika daftari: "Saa 10 jioni, kundi la pili nimewafunga, vizimba 20." Kila kizimba kilikuwa na chakula tele, alichotia asubuhi kama kawaida.

Asubuhi alikata waya, akawatia panya kwenye masanduku, akawapeleka maabara. Dokta na fundi wake walikuwa na haraka. Walichukua damu, wakachukua ini, wakaligandisha. Hakuna aliyefungua tumbo.

Siku nne baadaye mashine ilitoa majibu ya jeni, na Dokta alikimbia ukumbini kama mtoto aliyetoka shule mapema. Jeni za mafuta katika kundi la pili zilikuwa macho sawasawa na za kundi la kwanza, lililolishwa kama kawaida. Maana yake, alimwambia kila mtu, ini la panya mnene halilali hata katika njaa. Lilikuwa jambo kubwa. Mkurugenzi aliwaandikia wenzake wa ng'ambo siku ile ile. Mjomba alinunuliwa soda. Aliinywa mlangoni kwangu, akatikisa kichwa, akasema, "Profesa angeishi aone hili." Nilimwona amefurahi kweli kweli, na sasa nikikumbuka furaha ile inanikera.

Baada ya wiki likaja jibu la insulini. Ilikuwa juu sana, hata kwa panya mnene, insulini ya mnyama aliyeinua kichwa kutoka kwenye sahani. Sukari hivyo hivyo. Mnyama aliyenyimwa saa kumi na sita hawezi kuwa na damu ile. Ini halikuwa limesahau kitu. Liliambiwa litengeneze mafuta, likatengeneza.

Dokta alimkuta Mjomba mbele ya dirisha la stoo. Nilisikia kila neno.

"Mjomba, siku ile panya wa kundi la pili walikula?"

"Panya gani asiyekula, Dokta?"

"Nakuuliza kwa heshima, mzee wangu. Niliagiza wafunge."

"Nikawafunga."

"Walifunga?"

"Nakwambia nimewafunga. Mwenyewe, kwa mikono hii. Tazama kidole."

"Kidole kimefanyaje?"

"Si nilikuwa nafunga!"

Dokta alimtazama kama mtu anayetazama kikongwe aliyeanza kuweweseka. "Wewe ulifunga?"

"Sasa afunge nani? Wafungane wenyewe?"

"Mjomba, tafadhali. Insulini iko juu. Uliwalisha."

"Sikuwalisha. Naapa, jioni ile sikutia hata punje."

Na alisema kweli. Hakutia punje, kwa sababu vihori vilikuwa vimejaa tangu asubuhi. Dokta naye alisema kweli. Nami, niliyetoa waya kwa mkono wangu na kuuandika, nilikaa nyuma ya dirisha nikasikiliza watu wawili wakweli wakiitana waongo, nisielewe. Nasema hivi ili nisije nikaonekana mwerevu katika habari hii.

Dokta alikuwa ameshatangaza mbele za watu. Mtu aliyetangaza hasikii vizuri. Alikwenda juu, na kesho yake Mjomba akapewa barua: akae nyumbani mpaka kamati ikutane. Makosa mawili, kukiuka agizo na kughushi daftari. Ndiyo, kughushi. Walilifungua daftari wakasoma, "kundi la pili nimewafunga," wakaona ameandika kwamba panya walikaa na njaa ilhali walikula. Mstari alioupenda kuliko vyote, wa saa kamili na idadi kamili, ndio uliokuwa ushahidi wa uongo wake. Mkurugenzi aliniambia ngazini, "Ikithibitika, atatoka bila hata barua ya utumishi."

Nilimtembelea jioni moja kabla ya kuzama jua. Nyumba yao ni vyumba viwili na ukumbi, viti vimevikwa vitambaa alivyofuma mkewe. Mjomba alikuwa anapanga vijiti vya kiberiti mezani, ishirini upande huu, ishirini upande ule.

"Mwambie mwenzako akubali," mkewe aliniambia hata kabla sijakaa. "Aseme alisahau. Mzee kusahau ni jambo la ajabu? Watamkaripia, watamrudisha."

"Nikubali nini?" Mjomba alisema.

"Kwamba uliwalisha."

"Sikuwalisha."

"Mimi naishi na wewe mwaka wa thelathini na sita. Ulishawahi kusahau chumvi, siku ya kuzaliwa mtoto, na mimi mwenyewe sokoni."

"Nyie siwaandiki kwenye daftari."

Mkewe alinigeukia. "Umemsikia? Basi." Akaenda kuteka maji, na tuliisikia ndoo ikitua kwa hasira.

Ndipo nikamuuliza kuhusu kidole, kwa sababu kilikuwa kimetunga usaha na amekifunga kitambaa. Akasema ni waya wako ule. Waya wa kazi gani? Wa kufungia milango, si Dokta aliagiza. Akanipa simu nisome. Nikasoma mara moja, nikaona milango. Nikasoma tena, nikaona njaa. Wafunge: wewe uwafunge. Wafunge: wao wafunge. Herufi saba, hakuna iliyobadilika. Niliangua kicheko, kisha nikaona uso wake nikaacha.

Nilimweleza. Alivikusanya vile vijiti akavirudisha kwenye kiberiti.

"Kwa hiyo wapwa wale arobaini wamekwenda bure," alisema.

Kamati ilikaa chumba cha mikutano, watu wanne na chupa za maji zisizofunguliwa. Niliomba kuingia kama shahidi wa stoo. Niliweka kitabu changu mezani, ukurasa wa waya, nikaweka simu pembeni yake, nikamwomba Mkurugenzi asome ujumbe kwa sauti mara mbili na akae kidogo katikati.

Alisoma. Akakaa. Akasoma. Kisha akacheka, na wote wakacheka, mpaka mjumbe mmoja akavua miwani afute macho. Nilikuwa nimekuja kuliokoa jina la mtu na nikaona nimeleta kichekesho. Dokta peke yake hakucheka. Alijiziba mdomo kwa viganja vyote viwili.

"Mungu wangu," alisema. "Mjomba, nisamehe."

"Nimekusamehe, mwanangu. Wewe ulisema lako, mimi nikasikia langu."

Mkurugenzi alipomaliza kucheka alitangaza kwamba Mjomba hana kosa. Amesafishwa kabisa. Dokta naye hana kosa. Kosa ni la lugha. "Kiswahili chetu ni kitamu," alisema, "lakini hakina usahihi unaohitajika maabara." Kwa hiyo kuanzia mwezi ujao maagizo yote, kadi zote na madaftari yote yatakuwa kwa Kiingereza.

Mjomba aliinua mkono kama mwanafunzi. "Mheshimiwa, neno lipo. Profesa alitufundisha. Tuseme wanyimwe. Hakuna atakayekosea."

"Wanyimwe," Mkurugenzi alilionja lile neno kwa ncha ya ulimi. "Hapana, Mjomba. Linasikika vibaya. Siku hizi tunatembelewa na watu wa haki za wanyama. Wakikuta tumeandika tunanyima?"

"Si ndivyo tunavyofanya?"

Mkurugenzi aligeukia karatasi zake. Hapo ndipo nilipoelewa tulichopoteza. Lugha ilikuwa na neno lililonyooka. Wao waliona haya kulitumia, wakachukua neno laini la ibada, likawateleza, kisha wakaishtaki lugha nzima. Nimesoma vitabu vya hicho Kiingereza chao kwa kamusi, miaka mingi, kurasa mbili kwa siku. Humo nako wanasema panya "amefunga". Hakuna lugha isiyojua kujificha ikipata watu wa kuificha.

"Mimi Kiingereza sisomi," alisema Mjomba.

"Tunalijua hilo. Tumekufikiria. Utakwenda bustani. Kazi nyepesi, hewa safi."

"Kosa langu ni lipi?"

"Huna kosa, Mjomba. Nimeshasema umesafishwa."

"Basi mbona natoka?"

"Hutoki. Unahamishwa."

Alinitazama mimi, kana kwamba huenda nina ukurasa mwingine katika kitabu changu. Sikuwa nao.

Alikwenda bustani siku tisa. Kila aliyepita alimtania, "Mjomba, leo umefunga?" na hawakuwa na nia mbaya, walikuwa wanampenda. Siku ya kumi hakuja. Aliacha kazi, alimwaga unga mwenyewe kama vijana wanavyosema, baada ya miaka thelathini na moja na mwaka mmoja kabla ya siku aliyoingoja. Funguo alizichukua mlinzi, zikatiwa ndani ya bahasha.

Mahali pake akaajiriwa binti mwenye cheti, mpole, anayevaa glavu mbili mbili. Dokta alianza upya na panya wengine arobaini, miezi mingine mitano. Safari hii agizo lilieleweka na chakula kiliondolewa. Lakini majibu yalitapanyika kama mtama uliomwagika. Panya wengine jeni zao za mafuta zilisinzia, wengine nusu nusu, na sukari ya damu ilikuwa juu kwa wanyama wenye matumbo matupu. Binti yule aliwaogopa, nao wakamwogopa. Aliwabana kwa koleo. Panya aliyeshtuka ini lake linamwaga sukari hata kama hajala siku nzima, na kongosho halijui kama huo ni mlo au ni hofu. Mjomba alikuwa anawashika kwa mkono mtupu, chini ya tumbo, huku anawasimulia habari za shemeji yake.

Dokta aliligundua hilo mwenyewe. Nimeshasema kichwa chake ni kizuri. Alikwenda nyumbani kwa Mjomba Jumamosi moja, nami nilikuwapo. Alivua viatu mlangoni, akaamkia shikamoo, akakaa kwenye ukingo wa kiti.

"Mjomba, nahitaji msaada wako. Siku chache tu. Umfundishe binti namna ya kuwashika."

"Nije kama nani?"

"Kama mgeni wetu."

"Mgeni," alisema Mjomba. "Katika nyumba ile?"

Mkewe alikohoa jikoni. Alitaka mumewe aende. Alikuwa amechoka kumwona anapanga vijiti.

"Sikukatalii, mwanangu," Mjomba aliendelea. "Panya wanateseka, nimesikia. Lakini niandikieni barua. Si wewe, taasisi. Iseme naitwa kwa sababu naijua kazi, na kwamba nilitoka sina kosa. Iandikwe kwa lugha ninayoisoma mwenyewe, nisisomewe na mtu. Nikiipata leo, kesho nimefika."

Dokta alisema barua hiyo ni kitu kidogo sana. Alitoka akiwa amefurahi, na alipofika kwenye ngazi alirudi akamshika Mjomba mkono kwa mikono yake miwili.

Aliiandika kweli. Niliiona, ilipita stoo ikielekea juu kutiwa sahihi, mistari sita, safi, haina neno la kubabaisha. Mkurugenzi hakuitia sahihi. Alisema barua ya namna hiyo ni sawa na kukiri kwamba uhamisho haukuwa wa haki, na mwanasheria ataiona. Dokta aliipeleka mara ya pili, kisha mara ya tatu. Baadaye akapata kazi nchi nyingine akaondoka, na jaribio likaachwa pale lilipo. Swali la Profesa kuhusu ini la panya mnene bado halijajibiwa katika jengo lile.

Mimi nilistaafu mwaka jana. Juzi nilimuuliza Mjomba kama hajutii kudai ile barua, kwa sababu nilitaka kumsifu, nilitaka kuandika kwamba alikuwa mtu wa msimamo. Alikuwa anamenya chungwa, akaendelea mpaka ganda likaisha.

"Ningekwenda," alisema. "Siku ile ile. Dokta angekaa kidogo tu, angenibembeleza mara moja zaidi, ningechukua viatu tukaondoka wote. Hata barua nisingeikumbuka."